Boneti Inayolia: Osha Chumvi Kabla ya Kupaka Grisi

Wenye magari wengi kati ya Mtwapa na Malindi wameshauzoea mlio wa boneti. Gari likipanda tuta, mbele kunalia. Boneti ikifunguliwa ili kutazama maji ya rejeta, kunalia tena. Dawa iliyozoeleka ni kudondosha oili kidogo kwenye loki na kuendelea na safari. Mlio hunyamaza siku chache, kisha hurudi na ukali zaidi, kwa sababu oili ile imepakwa juu ya chumvi na vumbi, na hivyo viwili ndivyo vinavyoila loki. Kwa gari la Pwani, kazi ya kwanza ni kuosha. Grisi inafuata.

Chumvi hiyo haihitaji gari liegeshwe ufuoni. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mawimbi yanapopasuka mwambani, matone madogo hubebwa na upepo hadi nchi kavu. Kusi, uvumao takriban Aprili hadi Septemba, huyasukuma kutoka baharini moja kwa moja, na kaskazi nao ukija haupumzishi mtu. Wanaopita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, wanaijua hewa yake. Chumvi ikishatua juu ya chuma haikauki kabisa: unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, huanza kuvuta maji yenyewe, na usiku wa Malindi huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Chuma hubaki kimelowa hata kama mvua haijanyesha, na kutu haikosi. Ongeza vumbi jekundu la Marafa au la barabara za Ganze likigandana na grisi kuukuu, upate uji wa mchanga unaosaga chuma kila boneti inapotikisika.

Loki yenyewe iko mbele, juu ya rejeta, mahali panapopigwa na upepo, maji na vumbi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote chini ya boneti. Muundo wake ni rahisi. Chini ya boneti kuna pete ya chuma. Boneti ikishuka, pete hiyo huingia kwenye loki na kusukuma ulimi unaozunguka na kuikamata, huku springi ikiubana ulimi usirudi. Ukivuta kishikio kilicho karibu na goti la dereva, kebo huuachia ulimi na boneti huinuka kidogo. Hapo ndipo ndoana ya usalama huikamata mara ya pili, mpaka uingize vidole chini ya boneti na kuisukuma ndoana pembeni. Ulimi, springi, ndoana na kebo vyote ni chuma kinachosuguana na chuma. Kumbuka pia kwamba magari mengi huingia Kenya yakiwa yametumika, na kanuni inaruhusu yawe na umri wa hadi miaka 8. Ulipolinunua gari lako, huenda loki yake ilikuwa imeshafanya kazi muda mrefu.

Kabla ya kushika spana, tafuta mlio unatoka wapi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, bonyeza kona za mbele za boneti kwa viganja, moja baada ya nyingine. Ukisikia mlio hapo, shaka ziko kwenye loki au kwenye raba ndogo zinazoipokea boneti pembeni. Kisha mwombe mtu aifungue na kuifunga polepole huku wewe ukisikiliza karibu na kioo cha mbele. Mlio wa huko ni wa bawaba. Mwisho avute kishikio cha ndani huku umeinamia loki. Kishikio kikiwa kizito, kebo imeshika kutu ndani ya mfuko wake.

Itazame vizuri pete ya boneti. Alama ya msuguano ikiwa katikati, boneti imekaa sawa. Lakini upande mmoja ukiwa umeng'aa kama umepigwa msasa na mwingine bado una rangi, boneti imehama, na mara nyingi ni gari lililowahi kugongwa mbele likanyooshwa. Grisi pekee haitaponya mlio huo. Chora kwa kalamu ya wino mahali loki ilipokaa, legeza bolti zake, ambazo kwa magari mengi ya Kijapani ni za spana ya namba 10 au 12, usogeze loki milimita moja au mbili upande unaofaa, kisha ukaze.

Sasa uoshe. Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa, usugue ulimi, springi na ndoana mpaka uji mweusi utoke wote. Petroli usiitumie, mvuke wake huwaka upesi mno kwa kazi ya mahali penye betri. Kutu iliyobaki iondoe kwa brashi ya waya. Kisha osha kwa maji ya sabuni na usuuze kwa maji matamu. Hapa wengi hukosea bila kujua, kwani maji ya visima vilivyo karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, na kusuuza nayo ni kuirudisha chumvi uliyoitoa. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Mimina kidogo kidogo, na usielekeze mpira wa maji kwenye alteneta wala kwenye viungio vya waya za umeme. Magari mengine yana swichi ya king'ora palepale kwenye loki. Futa kwa kitambaa, uache jua limalizie.

WD-40 ina nafasi yake katika hatua hii. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ipulize kulegeza kilichoganda na kutoa unyevu uliojificha, lakini usiitegemee kuwa kilainishi cha kudumu, kwa sababu ni nyepesi na haikai. Ikikauka, paka grisi nyeupe ya lithiamu, au grisi ya kawaida ya beringi, safu nyembamba kwenye ulimi, springi, ndoana na pete. Kiasi cha harage moja kinatosha. Ikizidi inanasa vumbi. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, kwani hugeuka gundi. Bawaba na kebo zinataka oili nyepesi, tone kwa tone, huku ukizichezesha. Kebo iliyokatika nyuzi ibadilishwe, maana ikikatika boneti ikiwa imefungwa, fundi huenda akalazimika kung'oa grili. Raba za pembeni zifute na uzipake silikoni. Grisi ya kawaida huzivimbisha. Nyingi huzungushwa kwa mkono: zipandishe kidogo mpaka boneti isichezecheze, bila kulazimisha kuifunga.

Jaribio la mwisho halina mjadala. Boneti ikiwa bado wazi, usukume ulimi kwa bisibisi mpaka ufunge, kisha mtu avute kishikio: unapaswa kuachia mara moja. Halafu shusha boneti hadi sentimita 25 au 30 juu ya loki, uiachie ijifunge kwa uzito wake. Jaribu kuinua ukingo wake wa mbele, isitoke. Vuta kishikio, kisha uinue boneti bila kugusa ndoana, ndoana iizuie. Likishindwa lolote kati ya hayo, gari lisiingie barabara kuu. Hata kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu wa matatu, upepo ukiingia chini ya boneti iliyofunguka unaweza kuibamiza kwenye kioo na dereva asione mbele. Kamba ya kuifungia boneti ni ya kulifikisha gari gereji iliyo karibu, kwa mwendo wa polepole, basi.

Kwa gari linalolala karibu na bahari, rudia kuosha na kupaka grisi kila miezi mitatu, na mara moja zaidi kusi ukishapungua. Ukilipeleka kwa fundi, mwambie aoshe loki kwanza, na usilichukue gari kabla hajaijaribu ndoana ya usalama mbele ya macho yako.