Meza ya Kukunja Ukutani

Ndugu zangu wa vijijini, nyumba ndogo haina nafasi ya meza kubwa. Meza ya kukunja yafaa: mchana mnachagua mbegu za mahindi juu yake, jioni mnakula, usiku mnaishusha, watoto wanapata mahali pa kulala. Lakini ikianguka, bukari ya moto itamwunguza mtoto.

Kwa nini inaanguka? Kwa sababu wengi wanapigilia misumari katika udongo wa kupaka tu. Udongo ule ni ngozi ya ukuta, si mifupa yake. Gongeni ukuta kwa kidole: mahali panapolia kama ngoma, udongo umeachana na matofali.

Fanyeni hivi. Pasueni mbao mbili katika kiini cha mti wa mulombwa, kwani mchwa hawakipendi. Kwaruzeni udongo mpaka matofali yaonekane. Wekeni ubao mmoja ndani, sentimeta 70 juu ya sakafu, na wa pili nje, uelekeane nao. Toboeni matundu mawili kupita ukuta wote, mkaze mbao kwa parafujo ndefu ao waya mnene uliosokotwa. Sasa ukuta umeshikwa pande zote mbili.

Fungeni meza kwa bawaba katika ubao wa ndani. Chini ya ukingo wa mbele tieni miguu miwili ya kukunja, ukuta usibebe mzigo peke yake.

Mwisho, wekeni ndoo ya maji ya lita 10 ukingoni usiku mzima. Asubuhi tazameni: kama ubao umeachana na ukuta, kazeni tena kabla mtoto hajakaa hapo.