Ufike bila kukosa: rekodi za wito na nyaraka za dola, kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma

Wito wa serikali kwetu Mikindani hauna maneno mengi. Mjumbe anapiga hodi, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, muhuri wa zambarau umekaa kombo juu ya sahihi: unatakiwa ofisi ya mtendaji wa kata, saa tatu kamili asubuhi, ufike bila kukosa. Bibi yangu alizitia zote kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na stakabadhi za kodi za marehemu babu. Kopo hilo ndilo lililonituma kutafuta: katika pwani hii ya Kusini, ni waraka gani wa dola ulio wa kale kuliko wote, ni wito gani uliojibiwa kwa ukali kuliko wote, na ni upi uliochelewa kuliko wote? Hii hapa orodha yangu.

Barua kongwe kuliko zote: Kilwa, 1711

Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Kilwa wakati huo ilikuwa chini ya mwanamke, Mfalme Fatima, na barua zilikwenda Msumbiji kwa Wareno na washirika wao. Anayedhani Kiswahili kiliingia ofisini na Mjerumani, ahesabu upya. Barua hizo zinashika na rekodi ya safari: asili zake zimetunzwa Goa, India. Mtu wa Kilwa akitaka kuziona kwa macho yake, sharti avuke bahari.

Orodha ndefu ya watawala: Tarehe ya Kilwa

Masultani wa Kilwa waliandikiwa historia yao karne ya 16. Mreno João de Barros alichapa muhtasari wake mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyomfikia Balozi John Kirk kule Zanzibar mwaka 1877 iko London hadi leo. Nani alirithi, nani alipinduliwa, nani alijenga msikiti: yote yamo. Nayo haiko nyumbani.

Wito uliotunzwa vizuri kuliko wote: Uingereza, 1295

Rekodi hii si ya pwani yetu; tuwaachie Waingereza wenyewe, ila tuitazame kwa kulinganisha. Mwaka 1295 Mfalme Edward I aliita bunge: maaskofu, mabwana wakubwa, wapiganaji wawili kutoka kila wilaya na watu wawili kutoka kila mji. Makarani walinakili barua za wito kwenye ngozi ya kondoo, wakashona ngozi kwa ngozi, wakazikunja kama mkeka. Mikeka hiyo ipo Kew, London, zaidi ya miaka 700 baadaye. Pamoja nayo zimo barua za udhuru. Wakuu wa monasteri walimwandikia mfalme kwamba ni wagonjwa, ni wazee, njia ni mbovu, kwa hiyo wanamtuma fulani awasimamie. Kumbuka udhuru huo, maana rekodi inayofuata haina hata mmoja.

Jibu kali kuliko yote: Machemba, 1890

Mei 1890 majeshi ya Hermann von Wissmann, kamishna wa Kaisari wa Ujerumani, yaliteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Wissmann akamwita Machemba, mkubwa wa Wayao juu ya uwanda wa Makonde, ashuke pwani kutii. Machemba alijibu kwa barua, tena kwa Kiswahili. Kwa ufupi alimwambia hivi: nimeyasikia maneno yako, nimetafuta sababu ya kukutii, sijaiona. Ukitaka urafiki, niko tayari leo na siku zote. Ukitaka niwe mtumwa wako, heri nife. Wewe ni kiumbe wa Mungu kama mimi. Siji, kama una nguvu, njoo unichukue.

Hakuna homa hapo, hakuna njia mbovu. Wajerumani walihitaji karibu miaka tisa kupata nguvu hiyo: mwaka 1899 walipanda uwandani kwa jeshi kubwa, na Machemba akavuka Ruvuma akaingia upande wa Wareno. Barua yake waliihifadhi Ujerumani, kwa kuwa ofisi ya Kijerumani haikutupa karatasi. Wito wa Wissmann hakuna anayeukumbuka. Jibu linasomwa mpaka leo.

Kipande kidogo kilichosainiwa mara nyingi: Kionga

Kusini ya mdomo wa Ruvuma kuna pembetatu ya ardhi isiyofika kilomita za mraba 400. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno walikubaliana kwamba mto ndio mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka na kuitwaa Kionga, na mpaka ukawa mstari ulionyooka wa latitudo 10°40′, uliochorwa na mtu ambaye hakuhitaji kujua nani ana shamba wapi. Wareno wakairudisha kwa jeshi mwaka 1916, wakathibitishiwa kwa karatasi mwaka 1919. Katika miaka 25 kijiji kilibadilisha bendera mara mbili, na hakuna aliyepiga hodi kumuuliza mwenyeji.

Dola ndogo kuliko zote: Msimbati, 1959

Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyekuwa akiishi rasi ya Msimbati karibu na mdomo wa mto, alitangaza mwaka 1959 kwamba rasi hiyo ni nchi huru na yeye ndiye sultani wake. Baada ya uhuru serikali ya Dar es Salaam ilimwondoa. Bahari haikuonekana kujali.

Wito uliochelewa kuliko wote: 1926 hadi 1945

Tarehe 7 Desemba 1926 Gavana Donald Cameron alifungua Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Walioitwa walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika hakuitwa hata mmoja kwa miaka 19, hadi mwaka 1945 walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Abdiel Shangali kutoka Machame. Wote wa bara. Watu wa Kusini waliendelea kuitwa, ila na akida, kwa kodi.

Aliyepanda kutoka kuitwa hadi kuita: Lupaso, 1938

Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na aliwahi kuwa mbunge wa jimbo la Nanyumbu. Mwaka 1995 akawa Rais, akakaa miaka 10. Katiba ya 1977 inampa Rais kazi ya kuliitisha Bunge jipya baada ya Uchaguzi Mkuu. Kwa hiyo, miaka mia na kidogo baada ya Machemba kukataa kushuka, kalamu ya kuwaita wabunge wa nchi nzima ilikuwa mkononi mwa mtu wa Mtwara.

Baada ya orodha hii nilirudi kwenye kopo la Bibi, nikalimwaga juu ya mkeka. Stakabadhi nilizikuta. Barua za wito nilizikuta, muhuri juu ya muhuri, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Jambo moja sikulikuta: hata nakala moja ya jibu. Bibi alikwenda kila alipoitwa, akasema alichosema, akarudi, na alichosema hakikuandikwa popote. Siku hizi mjumbe akileta karatasi nyumbani, naigeuza, naandika jibu langu kwa nyuma, natoa kopi mbili. Moja napeleka ofisini. Ya pili inaingia kwenye kopo.