Sindano ya Mzee na Kitambi Kipya

Tukitembelea wagonjwa manyumbani, akina mama hutuuliza: "Mzee ana kansa, mbona ananenepa?" Majirani nao wamekwisha kusema yao, ati mwenye kansa ya kweli hukonda. Mzee mmoja aliona aibu, akaacha sindano miezi mitatu. Tulipompata, maumivu ya mgongo yalikuwa yamerudi.

Basi tueleze. Tezi ya kiume iko chini ya kibofu cha mkojo. Kansa ya tezi hiyo hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo nyingi hutengenezwa katika korodani. Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha jambo hili mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa hiyo homoni huzimwa, ama kwa kuondoa korodani, ama kwa sindano kama goserelini, inayowekwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, na ile kubwa kila wiki 12. Dawa hii peke yake haimalizi kansa, huilaza. Ukiacha sindano, homoni yaweza kurudi, na kansa ikaamka.

Lakini homoni hiyo haikuwa na kazi moja. Ndiyo iliyokuwa ikijenga misuli na kulinda mifupa. Ikizimwa, misuli hupungua na mafuta hukaa tumboni, hata kama mzee anakula kile kile cha zamani. Si ulafi, wala si uvivu. Sukari yaweza kupanda, mifupa ikadhoofika, damu ikapungua, matiti yakavimba. Joto nalo humpanda ghafla, jasho likamtoka, sawa na mama aliyekoma hedhi. (Akina mama wa kikundi kimoja walicheka sana: "Sasa nao wajue!")

Kuna na lile wanaume hawasemi. Hamu ya tendo la ndoa hupungua au huisha kabisa. Mke hudhani mzee ana mwingine, na nyumba yaanza kuvunjika kwa sababu ya dawa ambayo hakuna aliyemweleza. Twaomba mama aende kliniki pamoja na mzee, aelezwe huko, si kisimani.

Kitambi chapunguzwa. Mzee atembee kila siku, na afanye kazi za kutumia misuli, ila kwanza amuulize daktari kama kansa imefika mifupani. Ale maziwa, omena na mboga za majani. Soda, chipsi na pombe apunguze, sigara aache. Apimwe sukari na presha. Akiona dawa imemshinda, aseme kwa daktari kabla ya kuiacha. Na miguu ikikosa nguvu ghafla, au mkojo ukizuiwa, ni hospitali siku hiyo hiyo, si kungoja tarehe.

Nauli ndiyo huwashinda wengi. Kikundi kimoja huandika tarehe ya sindano katika daftari la mchango, mgonjwa akikubali, na mweka hazina hutoa pesa wiki moja mbele.