Kompyuta Zisizosikilizana

Kompyuta mbili zaweza kuunganishwa katika mtandao mmoja, na bado moja ikashindwa kufungua mafaili yaliyo katika nyingine. Wengi hukimbilia kuulaumu waya. Amri ya ping, ikiandikwa pamoja na anwani ya kompyuta ya pili, hupima njia: jibu likirudi, waya hauna kosa. Kukosa jibu, hata hivyo, si ushahidi kamili, maana kinga ya mtandao huweza kuizuia amri hiyo.

Ndipo hutazamwa ruhusa. Katika Windows ruhusa ni za aina mbili, ya mtandao na ya folda yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo hutawala.

Kosa lililo gumu kutambulika ni la itifaki, yaani kanuni za mazungumzo. Windows hutumia itifaki ya SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980. Tangu mwishoni mwa 2017, toleo lake la kwanza liliacha kuwekwa kwa kawaida katika Windows 10; hivyo mashine kuukuu isiyojua toleo jingine huonekana kana kwamba imekufa, ingawa ni nzima.

Kulirejesha toleo hilo ni kazi ya dakika chache, tena yenye hatari. Mnamo Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea kwa kupitia dosari yake, ikavuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza, ijapokuwa Microsoft ilikwisha kutoa marekebisho mwezi Machi. Shule yenye mashine ya namna hiyo ni heri inakili mafaili kwenye diski ya nje, na kuyahamishia katika kompyuta ijuayo toleo la pili au la tatu.