Fahamu: Mchoro wa mipango miji unaotangulia upimaji wa viwanja

Ni nini?
Ni ramani inayoonyesha shamba litakavyogawanywa kabla mpima hajasimika jiwe hata moja. Nchini Tanzania, msingi wake ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007.

Kinachotakiwa
Kwanza, uthibitisho wa umiliki. Pili, ramani ya msingi ya hali halisi: mipaka, miinuko, mito, nyumba zilizopo, njia na laini za umeme. Mipaka ndiyo yenye kero, hasa pale majirani wanapovutana kuhusu mti au mtaro uliotumika kama alama tangu enzi za babu.

Mchoro huandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Huonyesha kipimio, kaskazini, ukubwa wa viwanja na matumizi yake: makazi, biashara, shule, maeneo ya wazi. Kila kiwanja lazima kifikiwe na barabara. Kando ya mto, ziwa au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60.

Baada ya hapo?
Mchoro hupitia halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji. Ukiidhinishwa, upimaji hufuata, kisha hati.

Kwa nini ni muhimu?
Wengi hununua kiwanja cha “20 kwa 20” kilichopimwa kwa kamba na kuwekewa vijiti. Mchoro rasmi ukija, barabara inaweza kupita sebuleni. Omba namba ya mchoro, kisha ihakiki kwenye halmashauri kabla ya kulipa.