Tijara ya Mashujaa wa Kuchorwa: Wasomaji Tele, Milki Isiyo na Mwenyewe

Anayepita katika soko la Tandika, wilayani Temeke, katika siku za mwisho kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, hukuta mabegi ya watoto yametundikwa safu juu ya safu, na juu ya mengi katika hayo mna sura ya Spider-Man, shujaa aliyezaliwa nchini Marekani mwezi Agosti 1962 katika gazeti la katuni lililouzwa kwa senti 12. Mzazi alipaye bei ya begi hilo aghalabu hajapata kushika nakala moja ya gazeti lenyewe; walakini shujaa anamjua, mtoto wake anamjua zaidi, na mchuuzi anajua ya kuwa begi lenye sura hiyo hutoka upesi kuliko begi tupu. Sokoni humo humo sijaona begi lenye sura ya Ndumilakuwili, Lodi Lofa wala Madenge wa gazeti la Sani, ijapokuwa wazazi wengi wa makamo, toka Mbagala hata Mwananyamala, walipokuwa vijana waliwangojea watu hao wa kuchorwa kila toleo jipya lilipotoka.

Katika tofauti hiyo mna hesabu ya tijara nzima ya hadithi za picha katika jiji la Dar es Salaam. Tukizipitia zama zake moja baada ya moja, kama msomaji apitiavyo mfululizo mrefu wa matoleo ya shujaa mmoja, tutaona ya kuwa biashara hii haikupata kupungukiwa na wasomaji, wala haikukosa mafundi wa kalamu. Kilichokosekana ni desturi ya kumhesabu shujaa kuwa rasilmali, yaani mali yenye mwenyewe, yenye hati, yenye kumbukumbu, na yenye kuweza kurithiwa.

Zama za kwanza ni za picha za kamera. Mwaka 1968 kampuni ya magazeti ya Drum ilianza kuchapisha African Film, gazeti la Kiingereza ambalo kurasa zake zilijaa picha zilizopangwa kama filamu, na shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman, aliyeitwa na wapenzi wake The Spear, na ambaye sura yake aliitoa mtu aitwaye Jore Mkwanazi. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, gazeti likauzwa Lagos, Nairobi na Dar es Salaam. Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya faida yake, kwa maana gharama ya kuitengeneza hadithi ililipwa mara moja tu, na mapato yakatoka katika nchi nyingi. Dar es Salaam ya wakati ule ulikuwa mji wa watu 272,821 kwa hesabu ya mwaka 1967, na nakala moja iliyonunuliwa na karani wa Magomeni ilipita katika mikono ya jamaa, jirani na wenziwe kazini hata ikachakaa, bila mchapaji kupata senti ya pili.

Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo iliyotoka mwaka 1965, aliona mlango wa biashara ulioachwa wazi, akaanzisha gazeti la namna hiyo hiyo kwa Kiswahili, liitwalo Film Tanzania, lenye waigizaji wa hapa na mitaa ya hapa. Alikuwa na hoja njema ya soko, kwani msomaji aliyemfurahia shujaa wa Kiingereza angalimfurahia zaidi shujaa asemaye lugha yake. Lakini hakuwa na nchi kumi za kugawana gharama ya kamera, karatasi na waigizaji. Mizani hiyo, ya hadithi kutengenezwa kwa gharama ya soko kubwa na kuuzwa katika soko dogo, haijaacha kuwaelemea wachapaji wetu hata leo.

Zama za pili zina jina moja kubwa, nalo ni Sani. Gazeti hilo lilianzishwa katika miaka ya 1980 na Said Bawji na Nico ye Mbajo, ambao waliunganisha mianzo ya majina yao wakapata jina la gazeti. Wakati wenyewe haukuwa wa neema. Nchi ilikuwa imetoka katika vita, fedha za kigeni zilikuwa adimu, mwaka 1983 serikali ilipiga mbiu ya kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na karatasi ilikuwa bidhaa ya kutafutwa kama sukari. Ghairi ya hayo, mambo matatu yalilisaidia gazeti hilo kuliko mtaji wowote. La kwanza ni kwamba kampeni za elimu ya watu wazima zilikuwa zimezaa wasomaji wapya, hata kufika mwaka 1986 takwimu za serikali zilitaja zaidi ya watu 90 katika kila watu wazima 100 kuwa wanajua kusoma na kuandika. La pili ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni, wala haikuipata mpaka mwaka 1994. La tatu ni kwamba magazeti ya habari yalikuwa machache na mazito, na kicheko kilichomo ndani yake kilikuwa cha kiasi, kama kile cha Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu mwaka 1967.

Katika kurasa za Sani mchoraji Philip Ndunguru alijaza mji mzima wa watu: wajanja, walaghai, wapenzi, wazururaji na watoto watukutu. Hawakuwa na nguvu za kupaa wala za kupanda kuta. Nguvu yao ilikuwa ujanja wa kuishi mjini bila fedha, na aibu yao ilikuwa aibu ya kila mpangaji wa Temeke anayemkwepa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana. Lakini watu wake hawakuzikwa naye, maana wachoraji wengine walichukua kalamu wakaendelea, na msomaji wa kawaida aliendelea kununua toleo jipya kwa sababu ya yule mhusika, hata kama mkono uliomchora umebadilika. Kwa macho ya mfanyabiashara, jambo hilo ni kubwa mno. Lilikuwa ithibati ya kuwa thamani ilikwisha kuhama kutoka katika kalamu ya fundi mmoja ikaingia katika sura ya mhusika, na ndivyo ilivyotokea Marekani kwa Superman, aliyeanza mwaka 1938 kwa senti 10 na ambaye amechorwa na vizazi vya wachoraji wasiojuana. Tofauti ni kwamba kule kampuni ilikuwa na hati mkononi, na hapa hati haikuwa desturi ya kazi.

Zama za tatu ni za soko huria. Baada ya mfumo wa vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yalifumka kwa wingi, na pamoja nayo yakaja magazeti ya hadithi za picha kama Bongo na kama Kingo la James Gayo, na vitabu vidogo vya katuni vilivyofuata upepo wa filamu, kama kile cha Joshua Amandus Mtani kilichoisimulia upya kwa Kiswahili hadithi ya Titanic baada ya filamu yake kuvuma. Mwenye kutazama kwa nje angesema biashara imestawi; lakini shilingi ya msomaji ilikuwa ile ile moja, na sasa iligombewa na wengi. Televisheni ilidai sehemu yake, vibanda vya video vya Manzese na Mbagala vikadai yao, ambako filamu za mashujaa wa kigeni zilielezwa kwa Kiswahili na wasimulizi wa namna ya Lufufu, na magazeti pendwa ya kina Eric Shigongo yakauza riwaya za mfululizo kando ya habari za mastaa. Mafundi nao walikwenda kwenye mshahara wa uhakika. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alihamia gazeti la Nation mjini Nairobi mwaka 1992 akawa bingwa wa katuni za siasa. Na wengi waliobaki walipata riziki katika vibonzo vya magazeti ya kila siku, vinavyolipwa kwa wakati, kuliko katika hadithi ndefu inayomtaka mchoraji kurasa nyingi kabla hajaona malipo.

Hapo pana fundisho kutoka kwa jirani. Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau wa Kenya, aliishi kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo, kwa sababu hakutakiwa kujilipia karatasi wala gari la kusambazia. Alibebwa na habari, matangazo na michezo. Gazeti la katuni lisimamalo peke yake halina mbebaji. Kila toleo hulazimika kulipia toleo lijalo, na neno “itaendelea” lililoandikwa mwisho wa ukurasa huwa ni deni ambalo mchapaji amejitwika mbele ya wasomaji kabla ya kujua kama nakala zitauzwa au zitarudishwa.

Zama za nne zilileta gazeti la bure. Supa Strikas, hadithi ya timu ya mpira iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2000, ilisambazwa katika nchi nyingi za bara hili kwa fedha za kampuni ambazo nembo zake zilichorwa ndani ya hadithi, juu ya jezi na pembezoni mwa uwanja. Shujaaz, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na kampuni ya Well Told Story, ilimtoa kijana DJ Boyie, mwenye kituo cha redio cha siri chumbani kwake, na baadaye ikaja Tanzania kwa Kiswahili cha hapa, ikiwa na shujaa wake DJ Tee. Kazi hizo ni nzuri, na vijana wamefaidika nazo. Lakini muhasibu hana budi kusema ya kuwa msomaji aliyekuwa mnunuzi amegeuka kuwa bidhaa inayouzwa kwa mfadhili, na ya kuwa mchapaji mdogo wa Tandale, anayetaka kuuza toleo lake kwa bei ya chapati mbili, anashindana na gazeti la rangi lisilo na bei.

Tugeukie sasa mwendo wa bidhaa yenyewe. Gazeti hutoka mtamboni likapewa wakala wa jumla, wakala akampa mwenye meza wa Mwenge au wa Mbagala Rangi Tatu, naye huchukua fungu lake katika kila nakala aliyouza na kurudisha zisizouzwa. Hasara ya nakala zirudizo ni ya mchapaji. Zilizouzwa nazo hazina maisha marefu, kwani baada ya kusomwa nyumba nzima huishia kwa muuza karanga. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka leo kumsoma mhusika mmoja wa Sani tangu toleo la kwanza, apate kulinganisha mavazi, magari, nyumba na matani ya kila muongo, hana duka la kwenda. Hubahatisha kwa wauza vitabu vikuukuu wanaotandika bidhaa zao kando ya njia, ambako atapata toleo la katikati lisilo na mwanzo, na la mwisho lisilo na jalada. Mteja huyo ana fedha na hamu, na hakuna wa kumuuzia.

Wamarekani walijifunza kwa machungu somo la kumshika mhusika kwa hati. Kampuni ya Marvel, mwenye Spider-Man, iliomba hifadhi ya muflisi mwaka 1996; lakini ilikuwa na hati za wahusika wake, na mwaka 2009 Disney ilikubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 4, ikitaja akiba ya wahusika zaidi ya 5,000. Kilichonunuliwa hakikuwa mitambo wala karatasi. Zilikuwa ni zile sura zinazopamba mabegi ya Tandika. Kwetu pia mfano haukosekani. Ali Masoud, ajulikanaye kwa jina la panya wake wa katuni, Kipanya, amelishika jina hilo kutoka magazetini hata redioni, na mwezi Machi 2022 akaonyesha hadharani gari la umeme lililotengenezwa chini ya jina lake. Mchoraji aliyeshikamana na mhusika wake alipata mlango ambao wenzake hawakuupata.

Sheria za kufanya hivyo zipo. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo yenye dhamana hiyo. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, husajili alama za biashara kwa miaka 7 ya kwanza, na kuzihuisha kwa vipindi vya miaka 10. Mtandao wa simu nao umeondoa gharama ya karatasi, ijapokuwa kanuni za mwaka 2018 zilimtwisha mwenye kuchapisha mtandaoni ada zilizokaribia shilingi 2,100,000, ambazo zilipunguzwa baadaye.

Kwa hiyo wenye mitaji midogo wanaoitazama tijara hii wasianze kwa kutafuta shujaa mpya. Waanze kwa mkataba: wawatafute waasisi, wachoraji na warithi wao, wakubaliane nani mwenye haki gani na kwa fungu lipi, wamsajili mhusika, ndipo wakusanye matoleo ya zamani kutoka katika masanduku ya wasomaji na wayachape upya kwa juzuu, muongo kwa muongo. Mji uliokuwa na watu laki mbili na zaidi wakati wa Spearman ulihesabiwa kuwa na 5,383,728 mwaka 2022, na wengi wao husoma Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Soko hilo linatosha kulipia juzuu, na likishalipia juzuu litalipia begi. Lakini hakuna mwenye kiwanda atakayechapa sura juu ya kitambaa kabla ya kuonyeshwa jina la anayestahili kulipwa.