Amarilisi Chotara za Kibarazani

Swali hili hunijia karibu kila msimu wa maua: "Nina amarilisi mbili, nyekundu na nyeupe. Nikizichavusha, si nitapata ya rangi ya waridi?" Huwa sipendi kulijibu, kwa sababu anayeuliza ameshalipenda ua ambalo bado halijazaliwa. Ukweli ni kwamba huenda watoto wengi wakawa wekundu, wengine wa wekundu uliofifia, mmoja wawili wakawa na mistari, na huyo wa waridi asitokee kabisa. Na yote hayo utayajua baada ya miaka 3 hadi 5 ya kumwagilia majani matupu.

Tukubaliane kwanza ni mmea gani. Ninaizungumzia ile amarilisi ya vyunguni, yenye tunguu linalochungulia juu ya udongo, kikonyo kinene kilicho wazi ndani, na maua mapana mawili hadi matano au sita kileleni. Wataalamu wa mimea huiita Hippeastrum, na asili yake ni Amerika ya Kusini, hasa Brazili, Bolivia na Peru. Jina Amaryllis lenyewe lilithibitishwa mwaka 1987 kuwa la mmea mwingine, Amaryllis belladonna wa Rasi ya Afrika Kusini, ambao ni wa ukoo mmoja na huu wetu lakini si ndugu wa kuoana naye. Ile ya rangi ya chungwa iliyoiva, inayojizalia yenyewe kwenye nyua za zamani, mara nyingi huwa Hippeastrum puniceum. Nayo imo katika mazungumzo haya.

Uchavushaji wenyewe ni kazi ya dakika moja, na ndiyo maana watu hudhani kwamba mengine nayo ni mepesi. Ua lina stameni 6 zenye vifuko vya chavua, na katikati limechomoza pistili refu ambalo stigma yake, katika aina nyingi za madukani, hugawanyika ncha tatu. Chavua huiva mapema. Stigma huchelewa siku moja, mbili au zaidi, kisha ncha zake tatu hufunguka na kulegea, na hapo ndipo iko tayari kupokea. Unaparuza chavua ya baba juu ya stigma ya mama, umemaliza.

Umemaliza, ila hujui umefanya nini. Shaka ya kwanza katika kazi hii haihusu urithi hata kidogo: ni kama kweli baba uliyemkusudia ndiye baba. Amarilisi nyingi za porini hukataa chavua yao wenyewe, lakini chotara za maua makubwa huipokea bila kinyongo. Nyuki akipita, au mkono wako ukigusa stameni za ua hilohilo ulipokuwa ukichungulia, mbegu zitafungwa vizuri kabisa, na baada ya miaka minne utakuwa unawasifia watu chotara ambaye ni mtoto wa mama peke yake. Dawa ni kuzing'oa stameni zote sita kwa kibano wakati ua ndiyo kwanza linafunguka, kabla vifuko vya chavua havijapasuka, na baada ya kuchavusha kuifunika stigma kwa kipande kidogo cha karatasi ya bati kama ile ya kufungia chakula. Halafu andika kibandiko siku hiyohiyo: jina la mama kwanza, alama ya kuzidisha, kisha jina la baba. Tumia penseli. Wino wa kalamu hufutwa na jua na maji, na chungu kisicho na jina hakina thamani yoyote kwa mtu anayetaka kujifunza kitu.

Kama baba amechanua mwezi huu na mama hajatoa hata kikonyo, chavua inaweza kungoja. Ikaushe siku moja, ikunje ndani ya karatasi, iweke kwenye kopo dogo linalofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha iweke ndani ya friji. Itadumu miezi. Adui yake mkubwa ni unyevu.

Kuna jambo moja la kulitoa njiani, kwa kuwa nimelisikia hata kwa wauza miche: ua la mama halibadiliki rangi kwa sababu ya chavua uliyompaka. Wala tunguu lake halibadiliki. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu tu.

Utungisho ukifanikiwa, sehemu ya kijani iliyo nyuma ya ua huanza kuvimba ua linaponyauka, na kifuko cha mbegu chenye vyumba vitatu hukomaa kwa muda wa kama wiki 4 hadi 6. Kikianza kupata rangi ya manjano na kupasuka, kivune. Ndani utakuta mbegu nyeusi, bapa, nyembamba kama karatasi, zimepangwa safu kwa safu. Usishangilie wingi wake. Iinue moja uitazame dhidi ya mwanga, au ipapase kwa vidole: yenye uhai ina uvimbe mdogo katikati. Isiyo na uvimbe ni ganda tupu. Kuna vifuko vinavyovimba vizuri, vikapasuka vizuri, na ndani visiwe na chochote cha kuota. Zilizo hai zipandwe mapema, kwa kuwa hazihifadhiki kwa muda mrefu. Wengi huziacha zielee juu ya maji safi hadi zitoe mzizi, kisha wakazihamishia kwenye udongo mwepesi. Hapa mashaka ni machache: mbegu mbichi zenye uvimbe huota wiki chache tu baadaye.

Urithi ndio wenye kizungumkuti. Mkulima wa mahindi analijua neno chotara. Akinunua pakiti dukani, mimea hulingana shambani, kimo na umri. Akizitunza punje za mavuno hayo na kuzipanda msimu unaofuata, huota mchanganyiko wa warefu na wafupi, wa mapema na wa kuchelewa. Ulinganifu wa msimu wa kwanza haukuja hivihivi. Wazalishaji wa mbegu walimchavusha kila mzazi kwa chavua yake mwenyewe vizazi kadhaa, hadi kila mzazi akawa hana tabia iliyojificha ndani yake, ndipo wakawakutanisha.

Amarilisi haikupitia hayo. Unayoinunua kwa jina la 'Red Lion', 'Minerva' au 'Apple Blossom' ni mmea mmoja ulioongezwa kwa kugawa matunguu, na mmea huo umebeba damu ya aina nyingi za porini zilizochanganywa tangu mwanzo wa karne ya 19. Kwa hiyo vurugu ambayo mkulima wa mahindi huikuta msimu wa pili, mwenye amarilisi huikuta kizazi cha kwanza. Mbegu 50 za kifuko kimoja ni watoto 50 wa tumbo moja wasiofanana.

Juu ya hilo kuna suala la kromosomu. Amarilisi nyingi za porini zina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Chotara za maua makubwa zilizo nyingi madukani ni tetraploidi: zina 44, seti nne. Tuchukue mfano mwepesi kuliko hali halisi, kwamba jeni moja tu ndiyo huleta wekundu, na nakala yake moja inatosha kulifanya ua liwe jekundu. Mmea wa seti mbili wenye nakala moja ya wekundu na moja ya weupe, ukijichavusha wenyewe, utazaa mtoto mweupe 1 kati ya 4. Mmea wa seti nne wenye nakala mbili za wekundu na mbili za weupe hutoa nakala mbili kwa kila chembe ya chavua na kila yai, na nafasi ya zote mbili kuwa za weupe ni 1 kati ya 6. Mtoto mweupe anahitaji bahati hiyo pande zote mbili. Sita mara sita ni 36. Mtoto mweupe ni 1 kati ya 36.

Sasa ilete hesabu hiyo kibarazani. Mwenye nafasi ya vyungu 20 ana uwezekano unaozidi nusu wa kutoliona ua jeupe hata moja. Mwenye vyungu 36 naye asijione amehakikishiwa: uwezekano wa kutoka mikono mitupu kwake bado unazidi theluthi moja. Na hapo tumejifanya kwamba jeni ni moja. Rangi ya kweli ni kazi ya jeni kadhaa, nyingine za kutengeneza rangi, nyingine za kuizuia au kuipanga iwe mistari, ukingo au nyota nyeupe kooni. Kinadharia hata nyeupe mbili zinaweza kuzaa mtoto wa rangi, ikiwa kila moja imekosa hatua tofauti ya utengenezaji wa rangi hiyo.

Turudi kwa aliyeuliza. Nyekundu yake yaweza kuwa na nakala nne za wekundu, au tatu, au mbili, au moja. Zote zikisimama mezani, katika mfano wetu, jicho haliwezi kuzitofautisha. Ile ya nakala nne, ikioana na nyeupe, haitazaa mweupe hata mmoja. Ile ya nakala mbili itazaa 1 kati ya 6. Njia pekee ya kujua unayo ipi ni kuizalisha na kuwahesabu watoto. Ndiyo maana wazalishaji wa Uholanzi na Afrika Kusini hupanda miche kwa maelfu na kuitupa karibu yote. Hawana uganga wowote wa kuchagua wazazi ambao sisi hatuna. Wana nafasi na uvumilivu wa kutupa.

Mtego mwingine ni ndoa ya seti mbili na seti nne. Hippeastrum papilio ya misitu ya pwani ya Brazili, yenye petali za kijani hafifu zilizochorwa maruni, huwavutia sana wanaoanza. Ina kromosomu 22. Ikioanishwa na chotara wa 44, watoto wengi huwa na 33, seti tatu, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai. Huenda ukapata ua la kupendeza kweli. Kulizalisha tena ndiyo kazi: mara nyingi mtoto huyo ni tasa, na safari ya ukoo huo imeishia kwake. Maua ya petali nyingi nayo yana masharti yake. Katika maua ya namna hiyo stameni zimegeuka petali, na pistili mara nyingi limelemaa, kwa hiyo hutumiwa zaidi kama baba, kwa chavua chache zinazopatikana kwenye kingo za petali hizo.

Kuhusu bluu nitasema kwa ufupi. Katika Hippeastrum hakuna bluu. Anayekuuzia mtandaoni pakiti ya mbegu za amarilisi ya bluu amekuuzia picha.

Kisha kuna kungoja. Tunguu hujijenga kwa mafungu: majani manne, kisha chanzo cha kikonyo, majani manne mengine, chanzo kingine. Mche unapaswa kunenepa kwanza, na kila jani unalolikata mapema ni chakula ulichounyima. Katika hali yetu isiyo na majira ya baridi kali, miche inaweza kukua mwaka mzima bila kulazwa, na hiyo ni faida kubwa. Weka vyungu mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki, kwa sababu tunguu lina sumu iitwayo likorini inayotapisha. Ua la kwanza likija, lipokee kwa furaha lakini usilitolee hukumu. Mara nyingi huwa dogo, vikonyo vifupi, rangi haijatulia. Subiri la pili, hata la tatu, kabla ya kuamua mche upi uende kwenye lundo la mboji. Na uende kweli. Anayeshindwa kutupa hujaza baraza nyekundu za kawaida, kisha hana pa kupandia kizazi kinachofuata, ambamo kile kilichojificha kina nafasi ya kujitokeza.

Ukimpata unayempenda, mbegu zake hazitakurudishia yeye. Atabaki yuleyule kwa vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa tunguu, au kwa kulikata tunguu vipande vyenye sehemu ya kitako. Kabla ya kugawa, yakague majani: mabaka ya kijani hafifu na kijani iliyokolea yaweza kuwa dalili ya virusi, na virusi hufuata vichipukizi na kisu.

Chotara wa kwanza anayejulikana wa amarilisi hizi alizalishwa mwaka 1799 na fundi saa, Arthur Johnson wa Prescot huko Lancashire, Uingereza, kwa kuoanisha Hippeastrum reginae na Hippeastrum vittatum. Banda lake la kioo liliharibiwa na mimea yake ikapotea. Lakini alikuwa amekwisha kuipa Bustani ya Mimea ya Liverpool sehemu ya matunguu, na chotara huyo, Hippeastrum × johnsonii, bado hupandwa hadi leo. Kwa hiyo, msomaji, kichipukizi cha kwanza cha mche wako bora kikishakuwa na mizizi yake, kitenganishe umpe mtu wa mtaa mwingine, pamoja na kibandiko chenye majina ya wazazi wote wawili.